Fundi, Weka Chini Msasa

Hakuna jambo linalowashangaza watu wetu kama kumwona mnunuzi mwenye fedha zake akikipita kiti kilichopakwa vanishi kikang'ara kama kioo, akaenda moja kwa moja uani penye kuku na kuni, akainama, akaokota kigoda cheusi kilichopasuka, akauliza: "Hiki ni bei gani?" Wanaotazama huangaliana. Wengine humwona mtu huyo kuwa akili zake si timamu. Wengine husema moyoni kwamba lazima ameona kitu ndani yake, pengine dhahabu. Na kwa hakika ameona kitu, ila si dhahabu.

Ninaandika haya kutoka Sigor, katika Chepalungu, kaunti ya Bomet, wala si ile Sigor nyingine ya Wapokoti ambayo watu huichanganya na hii. Msafiri anayetoka pwani kuja huku hupita kwanza mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, kijani kitupu mpaka macho yachoke, kisha huteremkia kwenye nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Wenyeji wa huku ni Wakipsigis. Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa na kazi ya ualimu nikabaki, na kila nishukapo kwetu wakati wa Idi huulizwa habari ya kigoda kile cheusi, kwani huko nako wanunuzi wa namna hiyo hawakosekani. Hivyo nimeona bora nijibu mara moja kwa wote.

Hapa Sigor pana mzee mmoja, jirani yangu, aliyerithi ng'echeret ya babu yake. Ng'echeret ni kigoda cha Kikipsigis, kilichochongwa kutoka gogo moja, kikalio na miguu pamoja, bila msumari wala gundi. Babu huyo alikikalia katika kokwet, yaani baraza la majirani ambamo kesi za mipaka na mifugo huamuliwa, na alikikalia miaka mingi hata kikalio kikaingia ndani kama kisahani, na mti wenyewe ukapata weusi wa kung'aa ambao hakuna rangi ya dukani iwezayo kuutoa. Akatokea mnunuzi kutoka Nairobi. Akakitazama, akataja shilingi elfu kumi na tano, akaahidi kurudi baada ya wiki mbili. Mzee alikuwa na mjukuu wa kike aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, kwa hiyo alifurahi sana, na kwa kumheshimu mgeni akaona haifai kumuuzia kitu kichafu. Akakipeleka kwa seremala pale sokoni. Seremala yule ni kijana hodari, wala simtanii. Alikipiga randa juu, akaziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, akakisugua msasa, akakipaka vanishi mara mbili, akatoza mia tano.

Mnunuzi aliporudi alikizungusha mikononi, akanyamaza kitambo, akatoa elfu moja na mia tano.

"Hiki sasa ni kigoda," alisema. "Kile kilikuwa cha babu yako."

Mzee hakumwelewa, na simlaumu. Alifanya lile ambalo kila mtu mwenye adabu angelifanya: alikitengeneza kitu kabla ya kumkabidhi mgeni. Wala mnunuzi hakuwa akitafuta hila ya kupunguza bei, ingawa wapo wengi wa hila hiyo. Alikuwa amekuja kununua kitu kimoja akaletewa kingine.

Ni kitu gani basi kilichopotea katika ule unga ulioanguka chini ya meza ya seremala? Kwa maoni yangu jina lake ni ushahidi. Sisi wa pwani tunaijua vizuri kazi ya shahidi. Mbele ya kadhi haitoshi mtu kudai kwamba shamba hili lilikuwa la baba yake. Ataulizwa nani anayeshuhudia. Kitu cha kale nacho hudai: mimi ni wa miaka mia na hamsini, nilichongwa kwa mkono, nilikaa katika nyumba fulani, nilitumika. Madai hayo hayana shahidi mwingine ila mwili wa kitu chenyewe, hasa lile ganda lake la juu. Ukilikwangua, madai hubaki, shahidi amekufa.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi zaidi, yale makasha ya njumu yenye misumari ya shaba, ambayo baadhi yake yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba na mengine yakatengenezwa kwetu. Ni nyumba chache za kale za Lamu, Mombasa au Unguja ambazo hazikuwa na kasha la bibi harusi. Mkusanyaji anayeijua kazi yake akiletewa kasha haangalii shaba kwanza. Hulipindua. Hutazama chini, mahali ambapo fundi hakuona haja ya kulainisha, atafute alama za tezo na msumeno wa mkono. Kisha hutazama ukingo wa kifuniko, pale hasa vidole vinaponyanyulia, aone kama mti umelika na kupata weusi wa jasho na mafuta ya nazi. Hutazama misumari ya chuma, kama ipo, kwani chuma na unyevu huutia mti weusi pembeni mwa msumari, na weusi huo huingia polepole sana. Akikuta bamba la shaba limebadilishwa, huona kivuli cha lile la zamani, kwa kuwa mti uliofunikwa haukuchomwa na mwanga kama ule ulio wazi. Hufungua ndani akalinganisha rangi: ndani kiza, nje kumepauka. Hunusa. Mambo hayo yote hayamo katika umbo la kasha, wala katika nakshi zake. Yamo katika tabaka jembamba kuliko ukucha, na msasa hulimaliza tabaka hilo kwa asubuhi moja.

Na hapa ndipo bei inapoingia. Mafundi wa Lamu na Unguja leo wanatengeneza makasha na milango mipya kwa mtindo wa zamani, na kazi yao ni ya halali na ya kusifiwa; bila wao ufundi wenyewe ungekuwa umezikwa. Lakini wako walanguzi wanaonunua kasha jipya wakalipiga kwa minyororo, wakalifukia tope, wakalipaka rangi ya kahawia ili walizeeshe. Hata karatasi mpya huzeeshwa kwa kuchovywa katika chai kali ya rangi, na sisi tunaoishi nchi ya chai hatukutarajia kwamba majani haya yangepata kazi ya kusema uwongo. Sasa weka pamoja kasha la kweli lililopigwa msasa na kasha la bandia. Yote mawili yana umbo zuri, yote mawili yamelainika, yote mawili yanang'ara. Nani atayatenganisha? Kasha la kweli hushuka mpaka bei ya lile la bandia, si kwa kuwa limekuwa baya, bali kwa kuwa halina tena la kujibu linapoulizwa umri wake.

Wakusanyaji wa sarafu ni wakali kuliko wote katika jambo hili. Wapo wasomaji ambao nyanya zao waliacha mkebeni zile pesa za shaba za Sultani Barghash zenye picha ya mizani na mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882. Pesa hizo zilitengenezwa nyingi na si adimu, lakini iliyobaki na rangi yake ya kahawia iliyotulia hupendwa. Kijana wa nyumbani akiziona atazipeleka jikoni, atazisugua kwa ndimu na majivu kama anavyosugua sinia, zitoke nyekundu, aone fahari. Kumbe asidi ya ndimu imekula uso wa shaba, na mchanga wa majivu umeacha mikwaruzo ambayo chini ya kioo cha kukuzia huonekana kama barabara za magari. Mwenye duka la sarafu atajua kwa kutupa jicho mara moja, na hakuna dawa ya kuirudisha rangi ile. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za masultani wa kale, ndogo ndogo, nyembamba kama magamba ya samaki. Fikiria mwenye kuziokota angekuwa na ndimu mkononi! Majina yaliyoandikwa juu yake, ambayo kwayo wanahistoria hupanga nani alitawala, yangaliondoka na povu.

Asidhani mtu kwamba haya ni matakwa ya wageni tu wenye kuchezea fedha. Huko Uingereza kwenyewe watu waligombana juu ya jambo hili hili. Katika karne ya 19 makanisa ya kale yalikuwa yakikwanguliwa lipu kuta nzima, ati yarudishwe yalivyokuwa mwanzo, na michoro ya mamia ya miaka ikaanguka sakafuni pamoja na lipu. Mwaka 1877 William Morris na wenzake wakaunda chama mjini London cha kuyalinda majengo ya kale, na watu wakakipachika jina la utani la wapinga kukwangua. Hoja yao ilikuwa nyepesi: anayedai kukirudisha kitu kwenye hali yake ya kwanza huwa anakisia hali hiyo, na ili apate nafasi ya makisio yake hulazimika kuvunja kilichopo. Itunzwe paa isivuje, wakasema, uzibwe ufa usiongezeke, basi. Mawazo hayo leo ndiyo yanayofuatwa na wahifadhi karibu dunia nzima.

Turudi kwetu. Sisi watu wa pwani tuna sababu ya pekee ya kukosea hapa, na sababu yenyewe ni njema: tunapenda usafi. Nadhafa kwetu ni katika imani. Ikikaribia Idi kila kitu husuguliwa, shaba hung'arishwa, kuta hupakwa chokaa. Sasa angalia zile zidaka za Lamu, vile vishubaka vya lipu vilivyochongwa kwa kisu kwa ustadi wa ajabu. Chokaa ya mwaka huu juu ya ya mwaka jana, juu ya ya mwaka juzi, na nakshi iliyokuwa kali kama makali ya wembe sasa imekuwa butu kama sabuni iliyotumika. Milango nayo hupakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, mpaka yale maua na minyororo ya kwenye miimo yakajaa kabisa, kisha anatokea mtu mwenye nia njema akaichoma rangi ile kwa moto na kuikwangua kwa chuma, akatoka na rangi na nakshi pia. Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Walituonya pia tusiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao, kwa vijana wasiojua, ni mkeka chakavu.

Sheria ya Kenya imelitambua jambo hili kwa namna inayofaa kujulikana na kila mwenye nyumba ya kale. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa, kama iliyoitangulia, inakihesabu kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa kitu cha kale, na imeutaja mlango kwa jina lake: mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa, wala hautolewi nchini bila kibali. Naona ni heshima kubwa hiyo. Katika vitu vyote vilivyochongwa katika nchi hii yenye makabila mengi, waliotunga sheria waliona wautaje mlango. Lakini sheria humzuia mlanguzi bandarini. Haiwezi kumzuia mwenye nyumba asinunue kopo la rangi.

Hapa lazima nimjibu msomaji ambaye tangu mwanzo amekuwa akitikisa kichwa. Atasema: Mwalimu, sisi tunaishi katika nyumba hizi. Mlango ukioza chini kwa maji ya mvua tuuache wezi waingie? Msikiti ukivuja tuswali katika matope ili mkusanyaji afurahi? La, hasha. Kitu kinachotumika kitengenezwe, na kutengenezwa huko ni sehemu ya maisha yake. Ushahidi upo Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Ule msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka wa Hijria 500, yaani 1107, lakini jengo lenyewe kwa sehemu kubwa lilijengwa upya katika karne ya 18. Wazee waliolijenga upya walihitaji mahali pa kuswali, wakaweka kuta mpya na paa jipya. Jiwe lenye maandishi hawakuligusa kwa patasi kulinyoosha, wala hawakuandika jipya zuri zaidi mahali pake. Walijua lipi ni la kutengenezwa na lipi ni la kuachwa, na hawakufundishwa na William Morris, kwani hakuwa amezaliwa.

Tofauti basi naiona hapa. Yuko anayetengeneza ili kitu kiendelee na kazi yake, naye huacha mkono wake uonekane: kiraka ni kiraka, mshono ni mshono. Na yuko anayetengeneza ili kitu kionekane hakijapata kutumika, ama kwa kukiuza, ama kwa kuona haya mbele ya wageni. Wakusanyaji huyapokea matengenezo ya yule wa kwanza, tena wengine huyapenda sana, maana hayo nayo ni habari: mtu fulani alikijali kitu hiki hata akatumia jioni yake kukishona. Matengenezo ya yule wa pili huyakimbia.

Walakini nisingependa msomaji atoke hapa akimchukua mkusanyaji kuwa mwalimu wake katika kila jambo. Anayependa sana hali ya asili anaweza kuwa ndiye mwharibifu mkubwa kuliko seremala wetu wa Sigor. Jirani zetu Wamijikenda husimamisha vigango, nguzo za mti zilizochongwa kwa ajili ya kuwakumbuka wazee wao, na desturi yao ni kwamba kigango husimama pale pale kiliposimamishwa, kipigwe na jua na mvua, kiliwe na mchwa, kianguke. Kuzeeka kwake ndiyo kazi yake. Ila macho ya mkusanyaji wa mbali yaliuona mpauko ule wa mti na mabaki yale ya rangi, yakasema: hiki ni halisi. Kwa kuwa ni halisi kikawa na bei, na kwa kuwa kina bei kikaibwa. Mamia ya vigango yalifika Marekani kwa njia za namna hiyo. Viwili vilivyoibwa kwenye boma moja mwaka 1985 vilikutwa katika majumba mawili ya makumbusho huko, vikarudishwa kwa wenyewe mwaka 2007, baada ya watafiti kuvitambua kwa picha. Hakuna aliyevipiga msasa. Vilikuwa katika hali yake kamili, isipokuwa kwamba vilitolewa mahali pake, na kwa kigango mahali ndiyo nusu ya kitu.

Sisi Waislamu tuna vigango vyetu vya namna nyingine, nisameheni kwa mfano. Makaburi ya kale ya nguzo kutoka Lamu mpaka kusini yalipambwa kwa bakuli na sahani za kauri za China zilizokandikwa katika lipu. Nyingi zimeng'olewa. Ukienda leo utaona mashimo ya duara ukutani, kila shimo na ukubwa wake, na unaweza kukisia chombo kilivyokuwa. Bakuli lenyewe pengine liko kabatini kwa mtu, zima, halina ufa, limeoshwa vizuri, na halisemi tena lilikuwa la kaburi la nani wala la mji gani. Pale Gedi liko kaburi lenye mwaka uliochongwa, 802 wa Hijria, yaani 1399, na kwa sababu jiwe lile lilibaki pamoja na kaburi lake limewasaidia wachimbuzi kupima umri wa vitu vilivyokuwa jirani nalo. Bakuli lililong'olewa haliwezi kumsaidia mtu hata siku moja.

Lakini linalonikosesha usingizi zaidi ya milango na makaburi ni vitabu. Katika nyumba zetu bado kuna misahafu iliyoandikwa kwa mkono, mingine ya Siyu, mji ambao waandishi wake walisifika pwani nzima, na viko vitabu vya fiqhi na vya nahau vilivyovaa ngozi iliyochakaa. Mrithi anafungua anakuta kurasa zinachomoka. Anafanya nini? Ananunua selotepu. Baada ya miaka michache gundi ya selotepu inageuka manjano, inaingia katika karatasi, inaviza wino, na ukijaribu kuibandua inatoka na maandishi. Ama anakipeleka kitabu kwa mjalidi mjini akivishe jalada jipya jekundu la plastiki, na mjalidi, ili kazi iwe nadhifu, anakata kingo zote zilinganе, kisha anatupa zile karatasi chakavu za mwanzo na za mwisho.

Karatasi hizo chakavu ndizo zilizoandikwa kwamba kitabu hiki ni wakfu wa mwanamke fulani binti fulani kwa ajili ya wanafunzi wa chuo fulani, kisiuzwe wala kisirithiwe. Ndizo zilizoandikwa siku mtoto alipozaliwa na siku bwana wa nyumba alipofariki. Na zile kingo zilizokatwa ndipo sheikh alipoandika maelezo yake pembeni, mara nyingine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ili akumbuke namna ya kuwafafanulia wanafunzi. Maneno ya ndani ya kitabu unaweza kuyapata katika chapa ya Cairo kwa bei ndogo. Yale ya pembeni hayapo popote pengine duniani. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimekwisha kupigwa picha kurasa kwa kurasa katika mpango wa Maktaba ya Uingereza, na waliozipiga walizipiga pamoja na madoa na matundu ya wadudu. Aliye na kitabu cha namna hiyo nyumbani na akifunge katika kitambaa safi cha pamba, akiweke mbali na jua na jiko, asikibandike kitu, na akiwa na simu ya mkononi akipige picha hivyo hivyo kilivyo. Kazi hiyo haina gharama, wala haihitaji fundi.

Kuhusu jirani yangu, kigoda chake hakuuza. Aliona elfu moja na mia tano ni matusi, akauza kondoo, binti akarudi shule. Kigoda kiko sebuleni chini ya televisheni na kinang'ara sana.

Hatua chache kutoka kwake anakaa bibi mmoja, kogo kama wasemavyo huku, mwenye sotet ya mama yake. Sotet ni kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa ya Kikipsigis. Huchomwa vijiti vya mti uitwao senetwet, makaa yake husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zote ziwe nyeusi, na hayo ndiyo yanayoyapa maziwa ladha na harufu yake. Kibuyu cha kogo kina ufa mrefu ulioshonwa kwa uzi mgumu, na juu ya mshono zimepangwa shanga, na shingoni kina kete tatu. Nilipoziona kete hizo kwa mara ya kwanza nilistaajabu, kwa maana hazina pa kutoka ila kwetu, baharini, na sijui zilipita mikono mingapi mpaka kufika kwenye nchi ya chai. Yule mnunuzi wa Nairobi alikiona kibuyu siku ile ile aliyotoka kwa mzee. Alikishika kwa mikono miwili, akanusa ndani, akapitisha kidole juu ya mshono, akamsihi kogo asikioshe kwa sabuni, asikipake chochote, akataja bei ambayo sitaiandika hapa isije ikawaletea jirani zangu wageni wa usiku.

Kogo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba kibuyu kina maziwa ya tangu juzi na hakiwezi kwenda popote, ila akitaka arudi siku ya nne, atakuwa yameiva, atamiminiwa kikombe.